Migongo Saba

Katika picha ile ya sinema, kwenye mkanda wa pili, kuna mahali ambapo wanaume saba wamesimama karibu na gurudumu la mkiani mwa ndege. Wametupa migongo, vichwa vimeinama. Kinanda cha kanisa kinaanza kulia polepole. Mmoja mmoja wanainua vichwa na kwenda kupanda ndege, mpaka anabaki wa saba peke yake, mnene kuliko wote kwa wingi wa nguo alizovaa. Huyo anaendelea kuinama. Kisha naye anageuka, lakini kabla uso haujaonekana vizuri tunaonyeshwa ndege ikikimbia ardhini.

Ni sekunde kumi na tisa. Nilizihesabu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha mashine.

Mashine ya sinema nasema, si ya ndege. Mkono wangu wa kushoto haukunyooka tangu nilipouvunja melini, na jeshi lilinitazama mara moja likaniambia nirudi nyumbani. Nyumbani sikuwa napo. Nilikuwa nimepita kiwanda cha matofali, mashamba ya viazi, na jiko la hoteli moja ya pwani, mpaka nikatua Holmby, mji mdogo wa soko katika jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Fundi wao wa sinema alikuwa amechukuliwa vitani na mwenye sinema hakuwa na wa kuchagua. Nilijifunza kazi kwa wiki moja. Kuunguza mkanda niliunguza mara mbili tu.

Picha yenyewe ilikuwa ya serikali. Walitaka watu wajue vijana wao wanaoruka kwenda Ujerumani na mabomu wanafanya nini huko juu. Hawakuleta waigizaji. Oktoba ya 1942 walikuja mabwana kutoka London na kamera zao, wakaenda kwenye uwanja wa ndege ulio ng'ambo ya mashamba yetu, wakachukua ndege moja na watu wake saba wenyewe, wakawaambia fanyeni kama mfanyavyo siku zote. Ndege iliitwa Victor, kwa herufi iliyochorwa ubavuni. Wakapiga picha siku tisa wakarudi London kukata na kuunganisha.

Januari, Victor ilikwenda Ujerumani haikurudi. Kwa hiyo Oktoba iliyofuata, picha ilipofika Holmby, sita kati ya wale saba walikuwa hawapo tena. Wa saba alikuwa Wally Pinder, fundi wa injini, mtu wa Hull. Siku Victor ilipopotea alikuwa kitandani hospitali, sikio limevimba, na fundi mwingine alikuwa amekaa mahali pake.

Siku ya kwanza ya kuonyesha nilishangaa. Kinanda kilipoanza kulia, watu wa mji walinyamaza, wanawake wakatoa leso. Nyuma kabisa, walikokaa askari wa uwanjani, kikapasuka kicheko.

"Hamna adabu nyie?" mama mmoja akageuka. "Wenzenu wanasali!"

Hapo ndipo walipozidi. Mmoja alianguka chini ya kiti.

Jioni ile Pinder alipanda ngazi za chuma kuja kwenye chumba changu cha mashine, na samaki na chipsi ndani ya gazeti. Alikuwa na desturi ya kuja. Alisema ni mahali pekee Holmby ambapo haulizwi kitu.

"Wewe mzee wa giza," aliniambia, "unadhani tunafanya nini pale?"

"Mnaomba."

Samaki akamwingia njia isiyo yake. Nikampiga mgongoni.

"Tunakojoa," akasema alipopata pumzi. "Saba sote. Kwenye gurudumu."

"Acha uongo."

"Haki ya mama. Sikiliza. Safari ni masaa manane. Ndani ya ndege kuna ndoo moja yenye kifuniko, na kule juu baridi yake ukiikalia ile ndoo unaacha ngozi. Kwa hiyo kila mtu anamaliza shida zake chini. Mwanzo ilikuwa haja tu. Halafu kikosi fulani kikaondoka kwa haraka bila kufanya, hakikurudi. Basi, ikawa mwiko. Wakubwa wakakataza, wakasema mkojo unakula chuma cha gurudumu. Nani awasikilize?"

"Na yule bwana wa kamera?"

"Si alisema tufanye kama siku zote? Tukafanya. Upepo ulikuwa unatoka kwake, na hakuna mwanamume mwenye akili anayeukabili upepo kwa kazi ile. Ndiyo maana amepata migongo. Kisha wakaenda nayo London wakatia kinanda."

"Hawakuwauliza?"

"Watuulize nini? Wale wakiona mtu ameinamisha kichwa, wanadhani Mungu yuko mbele yake."

Tulicheka sana. Nikamwuliza, yule wa mwisho anayebaki ni nani.

"Odling," akasema. "Ezra Odling. Mpiga rashasha wa mkiani." Akakunja gazeti lake vizuri, pembe kwa pembe, ingawa lilikuwa limejaa mafuta, akalitia mfukoni.

Mama yake Ezra tulimjua wote. Bi Hetty Odling alikuwa mlinzi wa geti la reli la Pinfold, maili moja nje ya mji. Mumewe alikuwa fundi wa reli. Alipokufa, reli ilimwachia mjane ile nyumba na lile geti. Treni ikikaribia, kengele inalia ndani ya nyumba, anatoka anafungia barabara, treni inapita, anafungua. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na saba, na kila Jumapili alitembea kwenda kanisa la Kimethodisti, kanisa dogo la matofali ambalo watu wake hawanywi pombe, hawachezi karata, na sinema kwao ni nyumba ya shetani yenye viti.

Jambo lililokuwa kati yake na mwanawe nililijua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Krismasi ya mwisho Ezra alikuja likizo. Jumapili akakataa kwenda kanisani.

"Siwezi, mama," alimwambia. "Siwezi kumwomba anilinde mimi, halafu niende kuwamwagia moto wengine."

Mama akamjibu, "Mtu asiyeomba hali kwenye meza hii."

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Ezra akachukua kofia yake, akatoka. Hiyo ilikuwa siku ya Krismasi. Wiki tatu baadaye simu ya maandishi ikafika, ikasema hajulikani alipo.

Bi Odling hakuwa na shida ya kifo. Mume alikuwa amemzika, na mtoto mchanga pia. Shida yake ilikuwa moja. Katika imani yake, watu wanaokufa wakiwa wameshika sala watakutana tena. Aliyeiacha akafa hajarudi, huyo hawatamwona. Na yeye ndiye aliyemfukuza mezani. Kwa hiyo kwa miezi tisa mwanamke yule alifunga na kufungua geti akitaka kujua kitu kimoja tu: je, kati ya Krismasi na ile siku, mwanawe aliomba?

Sasa mjue Bwana Dawber. Alikuwa muuza mbegu, na Jumapili mhubiri wa kanisa lao. Alisikia habari za sala ya wanahewa kutoka kwa mpwa wake, ambaye hakupaswa kuwa sinema. Siku ya pili Bwana Dawber mwenyewe akaingia kwetu mchana, kofia imeshushwa mpaka nyusi, akakaa nyuma ya nguzo. Nilimwona kutoka juu. Ilimbidi akunje shingo kama bata ili aone. Kinanda kilipolia, akavua kofia.

Alikwenda moja kwa moja Pinfold.

"Dada Odling," alimwambia, "nimeona kwa macho yangu haya. Wote waliomba. Lakini wenzake walipomaliza, Ezra aliendelea. Yeye ndiye wa mwisho kuinua kichwa. Wa mwisho!"

Jumatano, saa nane mchana, Bi Odling akaingia sinema kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikuwa amemwomba mfanyakazi wa reli amshikie geti. Hakujua kwamba kiti cha sinema kinakunjuka. Akakaa juu ya ukingo wake, kama kuku juu ya fito, mpaka binti wa tikiti alipomshushia. Mkanda wa kwanza wote alitazama viatu vyake. Alikuwa ameamua hatatazama dhambi zaidi ya ile iliyomleta.

Kinanda kikalia. Akainua uso.

Nyuma walikuwapo askari sita saba. Wakacheka.

Picha ilipokwisha nikasikia hatua kwenye ngazi za chuma. Alisimama mlangoni, kikapu mkononi.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Yule wa mwisho ni wangu. Bega la kushoto liko chini kidogo. Alianguka kutoka getini akiwa na miaka sita."

"Pole, mama."

"Sikupanda ngazi kutafuta pole. Wale vijana kule nyuma wanacheka nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Vijana tu, mama. Wale wanacheka kila kitu."

Alinitazama kama anavyotazama mtu anayesikiliza treni ambayo bado haijaonekana.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" akauliza.

Alikuja Alhamisi. Viatu, kinanda, uso juu, sekunde kumi na tisa, viatu tena. Katika sehemu nyingine zote za picha Ezra yuko ndani ya kibanda chake cha kioo mkiani, kofia ya ngozi kichwani na barakoa ya hewa usoni. Unaona macho tu, na hayo ni ya mtu yeyote. Zile sekunde kumi na tisa ndizo pekee anazoonekana mzima, kuanzia kichwa mpaka viatu, akiwa amesimama juu ya ardhi.

Bwana Dawber naye hakulala. Alipatana na mwenye sinema kwamba Jumamosi mchana watu wa kanisa waje wote pamoja, mara hii moja, kwa ruhusa. Kabla ya kipande chenyewe yeye atasimama aseme maneno machache. Bi Odling atasimama kando yake. Tangazo likabandikwa mlangoni mwa kanisa: KIJANA ALIYEDUMU KATIKA SALA.

Pinder alilisoma Ijumaa asubuhi akipita na baiskeli. Alinikuta napaka mafuta mashine.

"Kata," akasema.

"Nikate nini?"

"Kile kipande. Mkanda si hukatika? Sema umekatika. Jumamosi tu, halafu ukiunge."

"Wakija wakaambiwa mkanda umekatika hapo hapo, Dawber atasema ni kazi ya shetani, atahubiri mwezi mzima."

"Ahubiri. Unajua nini kitatokea? Watamsimamisha yule mama mbele ya watu, amejaa furaha, na kule nyuma wamejaa wenzangu. Mmoja atapiga kelele. Nawajua. Hata wasipopiga kelele Jumamosi, atasikia siku nyingine sokoni, kutoka kwa mlevi."

"Nikikata, mama hatamwona mwanawe."

"Ndiyo."

"Na asipoambiwa..."

"Ndiyo, bwana, nimekuelewa." Alikuwa anajikuna lile sikio. "Nina safari tisa zimebaki kabla ya kupumzishwa. Nimewekwa kwenye kikosi kingine, watu wazuri, siwajui. Sitaki niende nikifikiria jambo hili. Panda nyuma ya baiskeli."

Bi Odling alitufungulia mlango kabla hatujabisha. Kutoka geti la Pinfold unaona barabara yote.

"Bi Odling, mimi ni Pinder. Nilikuwa fundi wa injini wa—"

"Nakujua. Yule wa sikio."

Pinder akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Limepona?"

"Limepona, mama."

"Vizuri. Kaeni."

Akatupa chai isiyo na sukari, na mkate na jemu ya plamu. Kwanza akaomba juu ya mkate ule, maneno mengi, nasi tukainamisha vichwa. Kisha akakunja mikono.

"Bwana wa mashine alinidanganya Jumatano," alisema. "Sasa mmekuja wawili kwa baiskeli moja, na kofia mmevua tangu barabarani. Semeni. Walikuwa wanaomba?"

Pinder akanitazama. Nikatazama jemu.

"Hapana, mama," akasema Pinder.

Akamweleza. Hakumwambia kama alivyoniambia mimi. Alitafuta maneno, mengine hakuyapata, akaishia kusema "haja" na "gurudumu" na kuonyesha kwa mkono, halafu akauona mkono wake na kuuficha chini ya meza. Alimweleza ndoo na baridi. Alimweleza kikosi kile kilichosahau. Alikuwa amefika kwenye upepo kengele ilipolia.

Bi Odling akainuka, akachukua bendera yake, akatoka. Tulimwona dirishani akisukuma geti la kwanza, kisha la pili. Treni ya makaa ikapita, ndefu, vikombe vikatetemeka mezani. Akafungua barabara, akarudi, akafuta viatu mlangoni, akakaa.

"Wote saba?" akauliza.

"Wote."

"Hata rubani? Yule ambaye baba yake ni jaji?"

"Yeye ndiye wa kwanza, mama. Ni cheo chake."

Akalifikiria hilo.

"Basi kwa nini Ezra alichelewa? Kama ni hivyo tu. Kwa nini wenzake wamemaliza, yeye bado?"

"Vifungo," Pinder akasema.

"Vifungo gani?"

"Kule mkiani ndiko kwenye baridi kuliko kote, mama. Anavaa fulana ya sufu, sweta, nguo yenye nyaya za kumpasha moto, na juu yake ile kubwa ya kuruka. Kila moja na vifungo vyake. Kufungua anafungua. Kufunga tena ndiyo kazi, na vidole vimeshaanza kufa ganzi. Tulitaka kumsaidia, hakutaka. Sote tuko ndani, injini zimewaka, yeye bado yuko chini anapambana. Tulimwita Bibi Harusi. Rubani alikuwa anatoa kichwa dirishani: 'Bibi Harusi! Tunakungoja kanisani!'"

Nilidhani huyu mtu sasa ameharibu kila kitu. Bi Odling alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe.

"Alikuwa anasema nini?" akauliza. "Huko mkiani, njiani."

"Hasemi kitu. Yuko peke yake, ametupa mgongo sote. Kuna waya wa kuongea. Rubani anamwita kila baada ya muda, ajue kama baridi haijamlaza. Naye anajibu, 'Niko macho.' Basi. Masaa manane. 'Niko macho.'"

"Hukumsikia akiomba."

"Hapana, mama."

"Wala hukumsikia akikataa kuomba."

"Hapana."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama."

"Wala Bwana Dawber hajui."

"Huyo hajui kabisa."

Alituongezea chai.

"Mlitaka kukikata kile kipande," akaniambia mimi.

"Tulifikiria."

"Usikiguse."

"Tumwambie Bwana Dawber asisimame?" akauliza Pinder.

"Bwana Dawber niachie mimi," alisema. "Kuleni mkate. Haurudi kikapuni."

Jumamosi walikuja watu wa kanisa arobaini na kitu, wanawake na kofia zao za Jumapili, wakiangalia kuta kana kwamba zitawapaka rangi. Wengi walikaa kwenye kingo za viti, kwa hiyo binti wa tikiti alikuwa na kazi. Bi Odling alikaa mstari wa tatu, katikati. Nyuma kulikuwa na askari kumi na wawili, na Pinder amesimama mlangoni. Alikuwa amewaambia kwamba atakayecheka atameza meno yake.

Mkanda wa pili ulipoanza, Bwana Dawber akainuka akaenda mbele. Sikusimamisha mashine, hakuna aliyeniambia nisimamishe. Akasimama katikati ya mwanga, na kipara chake kikapata ndege nzima.

"Ndugu zangu," akasema, "sasa hivi mtaona kijana wa kanisa hili. Wengi wetu tulidhani amepotea. Hata nyumbani kwao walidhani hivyo. Lakini mtaona. Dada Odling, simama, njoo hapa kando yangu."

Bi Odling akasimama. Hakwenda.

"Bwana Dawber," akasema, "keti. Unawazibia watu."

"Dada, nilitaka tu kueleza—"

"Yule ni mwanangu. Nimekuja kumtazama. Keti."

Sijui kama mtu alikuwa amewahi kumwambia hivyo. Alibaki kidogo, ndege inampita usoni, kisha akaketi kwenye kiti cha karibu ambacho hakuwa amekikunjua, akateleza, akakamatwa na mke wake.

Kinanda kikaanza. Migongo saba. Watu wa kanisa wakainamisha vichwa. Askari kule nyuma walikuwa kimya, kimya cha watu waliofunga vinywa kwa nguvu. Nilisikia mashine yangu tu. Rubani akainua kichwa akaondoka. Wa pili. Pinder mwenyewe, wa tatu, mwembamba kuliko alivyo sasa. Wa nne, wa tano, wa sita.

Wa saba akabaki. Ukimtazama ukiwa unajua, viwiko vyake vinacheza.

Hapo kikasikika kicheko. Kifupi, kama kikohozi. Hakikutoka nyuma. Kilitoka mstari wa tatu.

"Vifungo," akasema Bi Odling, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani jikoni. "Tangu darasa la watoto. Kila asubuhi. Treni ya saa mbili inapita, yeye bado yuko na kifungo cha tatu." Akacheka tena, mara hii kwa nguvu, na mabega yakamtikisika.

Kule nyuma wakapasuka. Pinder hakumng'oa mtu jino. Yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Bibi Harusi!" alipaza sauti. "Tunakungoja kanisani!"

Watu wa kanisa waligeuka, wakatazama nyuma, wakamtazama Bi Odling, wakatazama skrini. Ezra akageuka, uso ukakatwa kama kawaida, na ndege ikaanza kukimbia. Bi Odling alicheka mpaka magurudumu yalipoachana na ardhi. Kisha akarudisha macho kwenye viatu vyake mpaka mwisho wa picha, maana yaliyobaki yalikuwa sinema tu.

Bwana Dawber alimkamata Pinder kwenye ngazi akataka maelezo, akapewa. Jumapili ile alihubiri juu ya Yona. Kuna wanawake wawili waliohama benchi la Bi Odling, na mmoja alirudi baada ya mwezi, kwa sababu benchi lingine lilikuwa na upepo. Yeye hakuacha kwenda. Nilisikia kwamba wakati wa kuwaombea waliopotea aliwataja watu wa Victor kwa majina yao wote, na mwanawe katikati yao, bila kusema zaidi juu yake.

Picha iliondoka Jumatatu ndani ya makopo yake, kwa treni, kwenda mji mwingine.

Pinder alimaliza safari zake tisa. Wengi aliokuwa nao hawakumaliza. Alisema mtu wa mkiani wa kikosi kipya alikuwa na vidole vyepesi, na kwamba hakupata kuizoea ile haraka ya kuondoka.

Mimi niliondoka Holmby majira ya kuchipua, fundi wa sinema mwenyewe alipoletwa nyumbani kutoka vitani na mguu mmoja. Nilitembea kwa njia ya Pinfold. Kengele ilikuwa imelia, geti limefungwa, nikangoja treni, na ilipopita Bi Odling aliniambia nisiende barabarani na tumbo tupu.

Ndani, juu ya meza, palikuwa na mkate na supu ya njegere. Nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa naondoka na mtu anayeondoka huuliza, kama bado anaogopa kwamba hatamwona Ezra tena.

"Sijui," akasema. "Siku nyingine nadhani ndiyo. Siku nyingine kengele inalia, natoka, sikumbuki kuogopa."

Akaomba juu ya chakula, maneno mawili matatu tu. Mimi kichwa sikukiinamisha. Siku ile na Pinder niliinama kwa adabu, lakini sasa niliona afadhali nisimdanganye tena. Alipofumbua macho aliliona hilo. Akasukuma bakuli mbele yangu, akanikatia mkate, kipande cha pembeni chenye ganda gumu, akaniambia nile kabla supu haijapoa.